Bahari Ndani ya Sebule: Tangi la Samaki wa Maji ya Chumvi na Amana Yake



Mwaka jana, baada ya Idi, watoto wetu walirudi kutoka Shimoni wakiwa na ombi moja. Walikuwa wamekwenda na jamaa zao hadi Wasini, wakachungulia majini kutoka mashuani, na tangu siku ile hawakuwa na jingine la kusema ila samaki wa rangi. Walitaka tangi kubwa la kioo hapa nyumbani kwetu Ukunda, lenye maji ya bahari na samaki wa mwambani. Sisi wazazi tuliona si jambo baya. Heri mtoto atazame viumbe vya Mola wake kuliko kuikodolea simu macho usiku kucha.

Leo twawaandikia yale tuliyojifunza, mema yake na machungu yake. Twajua zipo nyumba nyingi kutoka Diani hadi Msambweni ambazo zina ombi kama hili mbele yao, na aghalabu mzigo wake humwangukia mama wa nyumba.

Uzito na mahali pake

Tangi tuliloagiza kwa fundi wa vioo lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kina 60. Piga hesabu: ni lita 540. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji matamu, kwa hiyo maji peke yake ni takriban kilo 550. Kioo cha milimita 12 kinaongeza kilo 100, na mawe ya ndani kilo 50. Ukitia na tangi dogo la chini pamoja na meza ya mbao, jumla yapita kilo 800. Ni kana kwamba watu wazima kumi na mmoja wamesimama daima mahali pamoja sebuleni.

Basi liwekwe sakafu ya chini, si ghorofani, juu ya meza imara iliyopimwa kwa pima maji. Likiinama hata kidogo, kioo huelemewa upande mmoja na viungo huachia. Lisiwe karibu na dirisha lipigwalo na jua, kwani jua hupasha maji moto na kuotesha ukungu wa kijani.

Maji na mawe

Wenzetu wa bara na wa ng'ambo hununua chumvi maalumu na kuichanganya na maji yaliyosafishwa. Sisi Mola ametujaalia bahari mlangoni. Hata hivyo si kila maji ya bahari yafaa. Mjomba wetu, mvuvi wa Msambweni, ndiye aliyetufunza: yatekwe maji yakiwa yamejaa, mbali na ufuo, wala yasitekwe siku za masika karibu na milango ya mito kama Mkurumudzi au Ramisi, maana wakati huo maji huwa na tope na chumvi yake imepungua. Tuliteka mitungi 32 ya lita 20, tukaiacha itulie mahali penye giza, kisha tukayachuja maji kwa kitambaa safi.

Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kipo kifaa kidogo cha kupimia chumvi, nacho kisikosekane nyumbani. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, hubaki ndani. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si kwa maji ya bahari. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa, hayafai kazi hii.

Ama mawe, msing'oe matumbawe baharini. Tumbawe ni mnyama aliye hai, hukua polepole mno, na matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Wanajamii wa Wasini na Mkwiro wamekuwa wakiyapanda upya kwa mikono yao. Itakuwa aibu sisi tubomoe yale wanayoyajenga wao. Sisi tulitumia vipande vikavu vya jiwe la matumbawe la machimboni, jiwe lile lile ambalo wazee walijengea Msikiti wa Kongo pale Diani. Tuliyaosha, tukayaloweka majuma mawili, kisha tukayapanga yawe na mapango ya kujifichia.

Vyombo

Vyombo vya lazima si vingi. Kwanza ni tangi la chini: maji hutiririka humo kutoka juu, huchujwa, na pampu huyarudisha. Pili ni kitoa povu, bomba linalopuliza viputo vidogo sana. Uchafu wa samaki hunata kwenye viputo, hupanda juu na kumwagika katika kikombe, nawe unaumwaga kabla haujaoza majini. Tatu ni taa, saa nane kwa siku zinatosha.

Vitabu vya wageni husisitiza chombo cha kupasha maji moto. Hapa kwetu shida ni kinyume chake. Samaki hawa hustarehe kati ya nyuzi 24 na 27, na sebule zetu wakati wa kaskazi hupita nyuzi 30. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu. Gharama yake ni kwamba maji hukauka upesi. Tangi letu hunywa lita 5 na zaidi kila siku.

Na umeme? Pampu yetu ni wati 50, kitoa povu 30, feni 40, vyote usiku na mchana. Taa ni wati 100 kwa saa nane. Jumla yake ni karibu uniti 110 kwa mwezi. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua, si baada ya kuletewa bili. Tena kila waya uachwe uning'inie chini kuliko tundu la umeme, ili tone la maji likiteremka nao lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Maji ya chumvi na umeme ni hatari kwa watoto.

Kosa letu

Sasa twafika mahali ambapo twaona haya kupaeleza. Siku ya tatu baada ya kujaza maji, yakang'aa kama kioo, hatukuweza kuvumilia. Tulinunua samaki wanne: kangaja wa buluu, wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni, na yule mwembamba mwenye mstari mweusi ambaye husafisha wenziwe. Muuzaji hakutuuliza tangi lina umri gani, nasi hatukumwambia. Juma halikuisha ila wote wanne walikuwa wamekufa.

Binti yetu wa miaka tisa aliuliza, "Mama, sisi ndio tuliowaua?" Hatukuwa na jawabu la kumpa ila ndiyo.

Sababu yake ni hii. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Baharini wapo vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti isiyodhuru sana. Katika tangi jipya vijidudu hao bado hawajazaliana. Huhitaji majuma manne hadi sita kuenea juu ya mawe. Hutiwa chembe ya chakula au kamba mmoja aoze majini, na maji hupimwa kila baada ya siku chache kwa dawa za kupimia. Amonia na nitriti zikifika sifuri, hapo ndipo samaki wa kwanza aingie, mmoja au wawili tu. Maji kung'aa si dalili ya usalama. Dawa hii haina jina jingine ila subira.

Walikotoka

Mjomba hakutulaumu. Alitupeleka mwambani siku ya bamvua, maji yamekupwa, akatuonyesha madimbwi. Akatueleza kwamba vijana wa Shimoni na kwingineko hupiga mbizi na kuwakamata samaki hawa kwa nyavu ndogo za mkono, na kwamba biashara ya kuwapeleka ng'ambo ilianza Kenya tangu miaka ya 1970. Ni riziki halali kwa mwenye leseni. Ndani ya Hifadhi ya Kisite, iliyotangazwa mwaka 1973, kuvua hakuruhusiwi kabisa.

Kisha akasema juu ya yule mwembamba. "Huyu ni tabibu wa mwamba. Samaki wakubwa humjia wakapanga foleni, awatoe wadudu midomoni na mashavuni. Mkimtoa yeye, wagonjwa wataenda wapi?" Nasi tukajua pia kwamba samaki huyu aghalabu hufa kwa njaa ndani ya tangi, kwa kuwa chakula chake kimo katika miili ya wengine.

Wanazuoni wengi wameruhusu kufuga viumbe kwa kutazama, wakitaja habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume (s.a.w.) akimtania kwa upole juu ya ndege wake. Lakini ipo pia habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, akaadhibiwa kwa sababu yake. Habari hizo mbili zisomwe pamoja. Ruhusa ipo, na hisabu ipo. Samaki aliye tangini hana pa kukimbilia, chakula chake na hewa yake vyote vi mikononi mwetu.

Tulivyo sasa

Tulisubiri majuma saba. Leo tangi lina samaki watatu tu: wawili wa rangi ya chungwa, ambao hawazidi kiganja na huvumilia, na mmoja mdogo wa buluu. Kangaja hatukumrudisha, maana huogelea mwendo mrefu mchana kutwa na tangi la sentimita 150 ni jela kwake. Anemoni tumeziacha baharini, na tabibu wa mwamba hatutamnunua tena.

Kila Alhamisi jioni hubadilisha maji, mitungi mitatu hutoka na mitatu huingia. Watoto hulisha asubuhi na jioni, kiasi kidogo kinacholiwa chote kwa dakika mbili. Ipo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, kwani umeme ukikatika usiku wa joto, saa chache zatosha kuwamaliza samaki wote. Kabla ya kusafiri, twamwachia jirani funguo pamoja na vifurushi vya chakula vilivyopimwa kwa kila siku.

Basi familia inayofikiri jambo hili ijiulize mambo manne. Je, tunaweza kulipia umeme huu mwaka mzima bila kupunguza ada ya shule? Nani atabeba mitungi kila juma, ama ni mama peke yake? Tunaweza kulitazama tangi tupu majuma sita? Na samaki huyu, je, amekamatwa na mwenye leseni, na ataishi?

Jawabu moja likiwa hapana, hakuna aibu. Wapelekeni watoto Wasini, watembee juu ya daraja la mbao la akina mama katika bustani ya matumbawe, au shukeni Diani maji yakipwa mkachungulie madimbwi bila kukanyaga wala kuchukua kitu. Binti yetu hufanya hivyo hadi leo, ingawa ana tangi nyumbani. Asema wale wa mwambani hana haja ya kuwapimia maji.