Milimita Zinazofufua Lenzi ya Zamani

Ipole, wilayani Sikonge, barabara itokayo Tabora hugawanyika: moja huenda Mpanda, nyingine Rungwa. Pande zote ni miombo, nchi ya wafuga nyuki. Ukitaka kupiga picha ya mzinga uliotundikwa mtini, fokasi ya kujiendesha huhangaika, kwa kuwa hunasa vijiti na majani yaliyo mbele na kuuacha mzinga ukiwa na ukungu. Lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono hukaa pale ulipoiweka. Wengi tunazo, zimelala sandukuni tangu enzi za kamera za mkanda. Ili zifanye kazi kwenye kamera ya kidijitali, zinahitaji adapta.

Adapta haiunganishi tu midomo miwili isiyolingana. Kazi yake kubwa ni kutunza umbali. Lenzi za Nikon F, zilizoanza mwaka 1959, hutaka milimita 46.5 kati ya mdomo wa kamera na mkanda. Zile za skrubu ziitwazo M42, kama Helios ya Kisovieti, hutaka 45.46. Kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi zina umbali mfupi zaidi kutoka mdomo hadi sensa: Sony E ni 18, Nikon Z ni 16. Toa 16 kwenye 46.5, utapata 30.5. Huo ndio unene wa adapta ya Nikon F kwenda Z: pete tupu isiyo na lenzi ndani, kwa hiyo haiharibu picha.

Hesabu ikigoma, adapta nayo hugoma. Lenzi ya M42 kwenye kamera ya Nikon F hukaa mbele mno. Nyuki aliye karibu atatoka vizuri, lakini miti ya mbali haitafokasi kamwe. Adapta yenye kilenzi cha kurekebisha kasoro hiyo mara nyingi hufifisha picha.

Pima adapta usiku mwezi ukiwaka. Fungua tundu la mwanga lote, kisha zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali. Mwezi usipokuwa mkali hata hapo, adapta ni nene kupita kiasi. Ukiwa mkali kidogo kabla ya mwisho, ni nyembamba kidogo, nayo inatumika bila shida.

Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi, na kuza picha kwenye skrini unapofokasi. Kabla ya kununua lenzi, imulike kwa tochi: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Vumbi la kiangazi nalo ni adui wa sensa, hivyo elekeza mdomo wa kamera chini unapobadilisha lenzi.

Kama mzee wako alikuachia lenzi, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Soma jina la mdomo wake, toa hesabu, ndipo ununue adapta.