Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani na Mlango Uliofungwa kwa Miaka Minne

Vijana wengi wa parokia zetu huvaa fulana za timu za NBA na kuyajua majina ya nyota wake. Tunaona vema kuwaeleza ilikotoka ligi hiyo, kwa kuwa miaka yake ya mwanzo haikuwa ya fahari.

Juni 6, 1946, wamiliki wa kumbi kubwa za michezo walikutana mjini New York. Kumbi hizo zilitegemea hoki ya barafuni, na usiku mwingi zilikaa tupu. Ili kuzijaza, waliunda ligi ya timu 11 na kumchagua mwanasheria Maurice Podoloff, mtu wa hoki, kuwa rais wake. Mchezo wa kwanza ulichezwa Toronto, nchini Kanada, Novemba 1 mwaka huo, na New York ikashinda 68 kwa 66. Mwaka 1949 ligi hiyo iliungana na nyingine iliyoitangulia, na jina la NBA likaanza.

Katika misimu minne ya kwanza hakucheza Mmarekani mweusi hata mmoja. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Yalikuwa mapatano ya kimyakimya, nayo, kwa maoni yetu, ni magumu kuvunjwa kuliko sheria, maana hakuna anayekiri kuyatunga. Fedha nazo zilihusika. Harlem Globetrotters, timu ya wachezaji weusi, ilivuta watazamaji wengi katika kumbi hizo, na wamiliki waliogopa kumuudhi mwenye timu kwa kumchukulia wachezaji.

Aprili 1950, Boston Celtics ilimchagua Chuck Cooper, kijana mweusi wa Chuo Kikuu cha Duquesne mjini Pittsburgh. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1878 na Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wale waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Desemba 1946, timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee ilikataa kuingia uwanjani iwapo Cooper angecheza. Duquesne haikukubali kumweka kando. Mchezo ukafutwa, watazamaji wakarudi nyumbani.

Earl Lloyd wa Washington ndiye mweusi wa kwanza kucheza NBA, Oktoba 31, 1950. Cooper alifuata kesho yake, Sikukuu ya Watakatifu Wote, miaka minne kamili tangu ule mchezo wa Toronto. Uwanjani mlango ulikuwa umefunguliwa; nje bado. Huko Raleigh, Carolina Kaskazini, Cooper hakuruhusiwa kulala katika hoteli ya wenzake. Akaamua kuondoka kwa treni ya usiku, na Bob Cousy, mchezaji mweupe wa timu yake, akaondoka pamoja naye.

Hata hivyo ligi ilikaribia kufa kwa kuchosha. Timu iliyoongoza iliushikilia mpira tu. Mwaka 1950 mchezo mmoja uliisha 19 kwa 18. Mwaka 1954 Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, alishawishi ligi iweke saa: timu irushe mpira kikapuni ndani ya sekunde 24. Wastani wa pointi za kila timu ulipanda kutoka 79 hadi 93 katika msimu mmoja. Bingwa wa kwanza chini ya saa hiyo, mwaka 1955, alikuwa Syracuse yenyewe, na miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Earl Lloyd.