Kipindupindu kikizuka, usiulize tu "ni wangapi?" Uliza "ni siku ngapi?"

1/ Mvua kubwa ikinyesha, sinema ni ile ile. Wizara inasema kaunti imelala. Gavana anasema pesa hazijatumwa kutoka Nairobi. Mpinzani wake anasema takwimu zimefichwa. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, so leo ni upande wa madaraka: nani hufanya nini, na ni wapi tunazungushwa.

2/ Kwanza ugonjwa wenyewe. Kipindupindu huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huanza kati ya saa chache na siku 5. Mgonjwa mahututi asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache, na bado wengi hupona kwa ORS tu, ile ya bei rahisi. Yaani shida kubwa hapa si dawa. Ni muda.

3/ Sasa, serikali hujuaje? Mtu anafika zahanati akihara maji matupu. Afisa wa kliniki anashuku, anamwambia afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Sampuli inaenda maabara, habari inaenda kaunti, halafu wizara. Kipindupindu hakingojei ripoti ya wiki, kinafaa kuripotiwa ndani ya saa 24. Mtu mmoja akinyamaza kwa hiyo laini, wote walio juu hawaoni kitu.

4/ Kazi ni ya nani? Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Serikali ya kitaifa: sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti: vituo vya afya, ambulensi, afya ya msingi, leseni za wauza chakula, uzoaji taka, maji na usafi. Lakini kukabiliana na majanga kumeandikwa pande zote mbili. Hapo ndipo wanapata nafasi ya kusukumiana.

5/ Chukua mlipuko ulioanza Oktoba 2022. Visa vilipita 10,000, na ugonjwa ukaenea kaunti nyingi. Februari 2023 chanjo ya kunywa ikapelekwa Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River. Bakteria hawajui mpaka wa kaunti. Kaunti moja ikichelewa kusema, jirani ndiye analipa.

6/ Basi mbona kiongozi achelewe kusema? Hesabu ya kura. Akitangaza mapema, hoteli zinakosa wateja, soko linafungwa, na mpinzani anapata cha kusema jukwaani. Akinyamaza, anaonekana ana kaunti safi. Sisi wapiga kura tunamuadhibu mkweli na kumtuza aliyenyamaza, halafu tunashangaa.

7/ Kwa hivyo chunga namba. Visa vikipanda wiki ya kwanza, inaweza kuwa ugonjwa unasambaa, au watu wameanza kutafutwa na kupimwa, au yote mawili. Na sifuri? Inaweza kumaanisha hakuna mgonjwa. Inaweza pia kumaanisha hakuna anayehesabu.

8/ Kumbuka 2024. Mgomo wa madaktari ulienda siku 56, Machi hadi Mei, na mafuriko yakaja katikati yake. Watu walibishana kuhusu mishahara tu. Lakini mhudumu wa afya akikosa kazini, si matibabu peke yake yanasimama. Jicho la kwanza la kugundua mlipuko pia linafungwa.

9/ Kudhibiti nako kuna siasa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inawapa maafisa nguvu ya kufunga biashara chafu. Sawa. Lakini anayefungiwa haraka ni mama wa chapati, ilhali bomba la maji taka lililopasuka nyuma ya kibanda chake linakaa hivyo miezi. Kwangu hiyo si kudhibiti ugonjwa. Ni kumbebesha asiye na sauti gharama ya kazi ambayo haikufanywa.

10/ Kuna kipimo rahisi wataalamu hutumia: 7-1-7. Siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kuripoti, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza za kuudhibiti. Huhitaji digrii kukitumia.

11/ Kwenye kikao cha umma cha bajeti, au mwanasiasa akija mtaani, uliza haya:
– Mlipuko wa mwisho hapa, zilipita siku ngapi kutoka mgonjwa wa kwanza hadi ripoti?
– Maabara ya karibu inayoweza kuthibitisha iko wapi, na sampuli husafirishwa na nani?
– Maji safi na mifereji ya taka imetengewa pesa ngapi mwaka huu, na ngapi zimetumika?

12/ Akikujibu kwa kumtaja mpinzani wake, jua hana hizo namba. Na mvua haitangoja azitafute.