Hofu ni Funzo la Mwili

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Panya hali kadhalika: akisikizwa mlio kisha akatiwa umeme kidogo miguuni mara chache, baadaye huganda kwa mlio peke yake. Mlio ukirudiwa bila umeme, hofu hupungua. Lakini akihamishwa mahali, hofu huweza kumrudia.

Binadamu huzidi hapo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 nchini Marekani, watu walioambiwa tu kwamba huenda wakapigwa umeme waliingiwa na hofu, ingawa hawakupigwa kamwe.

Basi askari aliyetoka vitani akishtushwa na mlango uliobamizwa, asiitwe mwoga. Jamaa wampe utulivu na muda. Na kwa kuwa mtu hutishika hata kwa neno, nyumbani maneno yapimwe.