Askari na Maneno ya Shahidi

Tuseme mama mmoja ameibiwa fedha katika soko la Kariakoo, upande wa Mtaa wa Mkunguni, akafika kituo cha polisi cha Msimbazi pamoja na kijana muuza vitunguu aliyemwona mwizi. Mama angali akitetemeka. Askari mwenye busara humkalisha, humpa maji, kisha humwuliza kwa upole. Kijana naye humsikiliza peke yake, ili maneno ya mmoja yasiingie kinywani mwa mwenzake.

Hamwulizi, “Je, mwizi alivaa shati jekundu?” Kijana kwa heshima ataitika, “Ndiyo, afande,” hata kama hakulitazama shati, na siku ile kila hamali mwenye shati jekundu yumo hatarini. Humwambia, “Nieleze uliyoyaona tangu mwanzo,” kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko kuuliza.

Na yule anayeshukiwa je? Wako wadhanio kwamba kofi hutoa kweli. La, kofi hutoa neno lolote litakalolikomesha. Kwa hiyo Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humtaka mwendesha mashtaka athibitishe ya kuwa mtu aliungama mbele ya polisi kwa hiari yake. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka saa 4 za kumhoji aliyekamatwa, ila muda ukiongezwa kwa utaratibu.

Maelezo yakiisha kuandikwa, husomwa mbele ya msemaji. Akisema, “Afande, sikutaja elfu hamsini, nalitaja elfu kumi na tano,” husahihishwa kwanza, ndipo atie sahihi yake.