Gari la Mteremko Lisilo na Injini

Ikiwa umepata kutoka bandari ya Tanga kwa ngalawa wakati wa kusi, ukapita Raskazone na kukutana na bahari kuu, wajua nitakalolieleza. Chombo hupanda wimbi, kisha huanguka ghafula, na tumbo lako husalia juu. Wazee hukunja uso. Watoto huomba wimbi jingine.

Ng'ambo watu hulipa fedha ili wapate kutikiswa hivyo. Mchezo huo ulianza Urusi, ambako watu walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakawa barafu, wakateleza. Wafaransa wakatia magurudumu, na mwaka wa 1817 magari ya namna hiyo yalikuwapo Paris. Mwaka wa 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli yake huko Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo maili 6 tu kwa saa. Tarishi mwenye baiskeli angaliipita!

Gari lenyewe halina injini. Mnyororo hulivuta hadi kilele cha kwanza, kisha huliacha. Uzito hulishusha, na mbio zilizopatikana katika kushuka hulipandisha kilima cha pili. Lakini upepo na msuguano hula nguvu njiani, kwa hiyo vilima vinavyofuata sharti viwe vifupi kuliko cha kwanza. Watu wa Mkumbara hawana haja ya kustaajabu: zamani za Wadachi magogo ya Shume yalishushwa kwao kutoka mlimani, yakining'inia katika kamba za chuma.

Lililowashinda mafundi kwa muda mrefu ni kulizungusha gari kichwa chini. Mwaka wa 1895 walijaribu Coney Island kwa reli ya duara kamili, na abiria wakaumia shingo. Sababu ni kwamba gari lilitoka katika njia iliyonyoka na kuingia duara kwa ghafula, na uzito wa mtu ukawa kama umezidishwa mara nyingi kwa nukta moja. Dawa ilipatikana California mwaka wa 1976, pale mhandisi Mjerumani Werner Stengel alipoipa njia umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu, ili mpindo uanze polepole.

Je, gari haliruki nje ya reli? Mwaka wa 1919 John Miller alipata hati ya ubunifu wake: magurudumu mengine chini ya reli, hata gari likaikamata juu na chini kama koleo. Ndipo vilima vikali vikawezekana, kama vya Cyclone ya mwaka wa 1927, ambayo mteremko wake ni futi 85.

Na ile sauti ya tak, tak, tak wakati wa kupanda, inayowatia abiria hofu, ni ya chuma kinachoangukia meno ya ngazi. Mnyororo ukikatika, chuma hicho hulizuia gari lisirudi nyuma.