SIMBILISI NA BARIDI YA NJOMBE: TENGENEZA BANDA KABLA YA MWEZI WA 6

Leo tuzungumzie simbilisi. Kuna wanaowaita pimbi, ingawa pimbi halisi ni yule wa porini anayeishi kwenye mawe. Kaya nyingi za huku kwetu simbilisi ni mali ya watoto: wanawakatia majani, wakiuza wanapata hela ya daftari, na siku nyingine inakuwa mboga. Mtoto akikuta wamekufa wote asubuhi moja ya baridi, kufuga anaacha. Ndiyo maana banda si jambo dogo.

BARIDI INAWAUAJE?

Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwa hiyo watu wanadhani baridi si kitu kwake. Lakini hata kule, wenyeji waliomfuga kwa maelfu ya miaka walizoea kumweka ndani ya nyumba, karibu na moto. Joto linalomfaa ni nyuzi 18 hadi 24. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 tunaujua ulivyo. Makambako nako upepo hauna mchezo.

Kibaya zaidi ni baridi ikichanganyika na unyevu, halafu upepo umpige moja kwa moja. Anaanza kutoa kamasi, anahema kwa shida, manyoya yanasimama, hali. Hiyo ni nimonia, na inamaliza haraka.

JIKONI WABAKI AU WATOKE?

Bibi zetu waliowaweka jikoni hawakukosea, joto lipo pale. Shida ni kuwaachia huru. Wanakanyagwa, wanamwagikiwa maji ya moto, wanavuta moshi kutwa, wanakojoa karibu na vyombo. Tena dume anampanda mama yake na dada zake bila mtu kujua, mwisho wake watoto wanazaliwa wadogo na dhaifu. Kwa hiyo tubaki na joto la jiko, ila tuwape chumba chao.

HATUA ZA KUTENGENEZA BANDA

1. Mahali: liegemeze kwenye ukuta wa jiko, au kwenye kona ya jiko iliyo mbali na mafiga na moshi. Mlango usielekee upande upepo unakotokea.

2. Ukubwa: mita 1.5 kwa mita 1, kuta sentimita 50. Wanatosha dume 1 na majike 5 hadi 7. Mabanzi ya kiwandani yanafaa kabisa. Ziba nyufa za chini, acha hewa ipite juu.

3. Mfuniko: simbilisi haruki juu sana, ila paka, kicheche na panya wanaingia. Panya anakula vitoto. Weka wavu.

4. Sakafu: inue banda kama ardhi ina unyevu. Tandika maranda makavu au nyasi kavu, sentimita 5 hadi 10. Vumbi laini la mbao usitumie, linawaumiza pua. Badilisha kila wiki, kikilowa mapema toa mapema. Kinachotoka ni mbolea ya bustani.

5. Maficho: boksi la mbao lenye tundu, lijaze nyasi kavu. Usiku wanajikusanya humo na kupashana joto.

Usiwachanganye na sungura. Anawapiga mateke na anaweza kuwaambukiza ugonjwa wa mapafu.

CHAKULA

Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Nyasi kavu peke yake haitoshi. Akikosa majani mabichi anavimba viungo, anachechemea, vidonda haviponi. Kiangazi mpe majani ya kabichi kidogo kidogo, majani ya viazi vitamu na ukoka wa kando ya mfereji, yasiwe na umande. Maji safi yawepo muda wote.

ANGALIZO: majani ya parachichi ni sumu kwao, na majani ya viazi mviringo pia. Mazao haya mawili yamejaa mashambani kwetu, kwa hiyo mwambie mtoto anayekwenda kukata majani, na umwonyeshe.

UZAZI

Mimba huchukua siku 59 hadi 72, wengi karibu siku 68. Watoto huwa 2 hadi 4, wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na muda mfupi tu wanaanza kutafuna majani. Wakifika wiki 3 watenge, madume chumba chao, majike chumba chao. Ukichelewa hata wiki moja, jike mdogo anaweza kushika mimba kwa baba yake. Dume badilishana na mfugaji wa kijiji kingine, na akifika mkae naye pembeni wiki 2 kabla ya kumchanganya.

Ukiona mmoja anatoa kamasi, mtenge siku hiyohiyo, badilisha matandiko yote, na umwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Dawa za kubahatisha ziache, maana baadhi ya viuavijasumu vya kawaida, penisilini ikiwemo, vinaua simbilisi.

Mabanzi na misumari ni kazi ya Jumamosi moja. Ifanyeni pamoja na watoto, kwani wao ndio wenye mifugo.